Majibu ya Maswali Yasiyoulizwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alipitia chumba cha kufulia cha hospitali kumsaidia dada yake. Dada alipiga pasi mashuka, yeye akakunja foronya, na muda wote huo mdomo wake haukupumzika. Ndiyo maana nyumbani walimwita Chiriku. Ajabu ni kwamba akiwa mbele ya wageni, sauti ilimkauka kooni. Hata dukani alinyoosha kidole tu kuonyesha anachotaka.

"Umeme ukikatika, wewe peke yako unatosha kuwa redio yetu," dada alimtania Ijumaa moja. Kisha akaweka pasi pembeni, akatoa daftari.

Dada alikuwa amefaulu vizuri sekondari. Kwa miaka miwili alipiga pasi mashuka ya wagonjwa huku akitazama dirisha la maabara ng'ambo ya uwanja, wanakopima damu. Kazi hiyo ndiyo aliyotaka kuisomea hadi apate shahada. Sasa fomu za vyuo zilikuwa zimetoka, na kila mwombaji aliruhusiwa kuchagua chuo kimoja tu. Mwisho wa kuzirudisha ulikuwa Jumatatu. Kesho yake vyuo vingeweka meza zao katika ukumbi wa mji ili watu waulize, lakini msimamizi wa kazi alikataa katakata kumpa dada ruhusa.

"Utakwenda wewe," dada alisema. Daftarini alikuwa amechora jedwali: vyuo vitatu juu, maswali matatu pembeni. Walimu wa maabara ni wangapi? Wanafunzi wanashika vifaa wenyewe? Waliomaliza mwaka jana, wangapi wamepata kazi?

"Si uchague tu kile chuo kikubwa? Kila mtu anakisifu."

"Wanakisifu kwa sheria, mdogo wangu. Chuo kinaweza kutoa mawakili hodari, halafu maabara yake ikawa makazi ya buibui. Mimi sitafuti jina la chuo, natafuta somo langu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Siku ya pili ukumbi ulijaa vijana warefu waliomzidi Chiriku kwa kila kitu. Meza ya chuo kikubwa ilizungukwa kama mzinga wa nyuki. Akaanza na ile iliyokuwa na watu wachache, ya chuo kidogo kilichoko nje ya mji. Nyuma ya meza hiyo alikaa mzee mwenye koti jeupe na hadubini mbele yake.

"Shikamoo," Chiriku alinong'ona. "Walimu wa maabara ni..."

"Nini? Sema kwa sauti, mwanangu! Masikio yangu yamestaafu kabla yangu mimi."

Vijana waliosimama karibu wakaangua kicheko. "Siku hizi chuo kinapokea hata wa chekechea!" mmoja alisema.

Uso wa Chiriku uliwaka moto. Mzee aliinama amsikie vizuri, lakini mtoto alikwisha geuka. Alipenya katikati ya watu, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi. Jedwali lilikuwa tupu. Angerudije kwa dada na jedwali tupu? Wasichana wawili walipita wakisifu chuo kikubwa, kwamba majengo yake yanang'aa. Chiriku akachukua kalamu. Chuo kikubwa: walimu kumi na wawili, wanafunzi wanashika vifaa wenyewe, wote wamepata kazi. Chuo cha pili akakiandikia majibu ya katikati. Alipofika kwenye chuo cha yule mzee, hasira zikamwongoza mkono: walimu wawili, vifaa hakuna.

Jioni dada alisoma jedwali mara mbili.

"Walimu wawili tu? Una hakika? Nilisikia chuo hiki ndicho kizuri kwa maabara."

Chiriku alitazama vidole vya miguu yake. "Ndivyo walivyosema wenyewe."

"Basi ahsante, mdogo wangu. Umenisaidia sana."

Jumatatu dada akarudisha fomu, akiwa amechagua chuo kikubwa.

Baada ya miezi mitatu ya masomo alirudi nyumbani bila taarifa, begi begani. Mama yao, aliyekuwa akichambua mchele, alimtazama mara moja tu akauweka ungo chini.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Maabara yetu ina hadubini moja, mama. Sisi ni wanafunzi sitini. Jana tulipakiwa kwenye basi tukaazime maabara ya chuo kingine. Unajua tulipelekwa wapi? Kile chuo cha nje ya mji. Walimu tisa! Kila mwanafunzi ana hadubini yake." Akatoa daftari, akamgeukia mdogo wake. "Hapa umeandika wawili. Nani alikuambia wawili?"

Chiriku alijibu. "Hakuna mtu. Sikumuuliza mtu yeyote, dada. Walinicheka nikaogopa. Nikaandika mwenyewe."

"Yote?"

"Yote."

Heri dada angempiga. Alikaa tu kwenye kiti kama mtu aliyeishiwa nguvu. "Ungeniletea jedwali tupu," alisema polepole. "Tupu ningeliona kuwa ni tupu. Ningemwachia msimamizi kazi yake, nikaenda kuuliza mwenyewe."

Mama hakupaza sauti. "Kesho tunakwenda kwenye chuo hicho cha nje ya mji sote watatu," alisema. "Na atakayezungumza ni wewe, Chiriku."

Ofisi ya yule mzee wa koti jeupe, mwalimu mkuu wa maabara, ilinuka dawa. Chiriku alisimama mbele ya meza, akasema kwa sauti ya kusikika kila neno: alivyokimbia, alivyodanganya, na kwamba dada yake anaomba nafasi hapo chuoni.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia dada, "Nafasi utaipata. Lakini masomo ya kule hayahesabiki hapa. Mwaka huu tumekwisha jaa, itabidi usubiri ujao, uanze mwanzo kabisa."

"Mwaka mzima," dada alisema.

"Mwaka mzima." Mzee akamgeukia Chiriku. "Siku ile nilikutafuta mpaka mlangoni. Kuogopa si kosa, mwanangu, hata mimi niliwahi kuwaogopa watu. Lakini ungemwambia dada yako 'sikuuliza', ungeona haya kwa dakika moja tu, yakaisha. Jibu la kubuni humwumiza yule anayekuamini, si wewe uliyelibuni. Usilolijua, sema hujui."

"Nimesikia, mwalimu."

Mama alishukuru. Dada akaivuta fomu mpya aliyosogezewa na mzee. Chiriku alisogea amsomee maswali ya fomu.

"Acha," dada alisema bila kuinua macho. "Nitasoma mwenyewe."