Ufunguo wa Shingoni

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Mama Funguo alijipapasa shingoni. Ufunguo upo. Ndipo akateka maji, akabandika chai, akamwamsha binti yake.

Jina hilo alibandikwa na majirani, na si kwa kumpenda sana. Ufunguo wenyewe ulining'inia kwenye kamba nyeusi ndani ya nguo yake, mchana na usiku. Ulikuwa wa stoo ya shirika. Shirika lenyewe lilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, kimoja ofisi, kingine stoo. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia mtaani, watu wa shirika ndio waliobeba wagonjwa hadi hospitali. Ndio pia waliowapelekea maji na sabuni waliobaki majumbani. Mama Funguo alikuwa mkurugenzi. Binti yake ndiye aliyenunua vifaa, na ndiye aliyevipokea. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliendesha gari.

Dereva wa kwanza alikuwa marehemu mwenyewe. Miaka ile ufunguo ulishikwa na mwenyekiti wa zamani. Ugonjwa ulipozuka, mwenyekiti alikuwa safarini, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Glavu na barakoa zote zilikuwa ndani. Marehemu alitikisa kufuli weee, lakini kulivunja hakuthubutu, maana ni mali ya shirika. Basi akajifunga mifuko ya plastiki mikononi, akambeba mgonjwa. Haukupita muda, naye akabebwa. Hakurudi.

Siku ya mazishi Mama Funguo alimnyang'anya mwenyekiti ufunguo mbele ya watu, akautia shingoni. Aliapa kwamba hautatoka tena katika mtaa huu. Tangu hapo hakusafiri. Hata harusi ya mdogo wake hakwenda.

Sasa shirika lilikuwa hoi. Gari lilikohoa kuliko wagonjwa, na waliojitolea walizidi kupungua. Kulikuwa na mfuko wa fedha za kusaidia watu wajiandae kabla ugonjwa wa mlipuko haujafika. Lakini mfuko huo hautoi chochote kwa shirika lisilo na ithibati, yaani hati ya kupita ukaguzi. Mkaguzi alikuja, akatazama, akasema, "Bado. Nitarudi mara moja tu." Na hospitalini wauguzi walishaanza kunong'ona. Homa ile ile iliyomuua mumewe ilikuwa imeonekana ng'ambo ya mto.

"Bado!" Mama Funguo alifoka. "Tumezika watu kwa mikono hii, leo tunaambiwa bado?"

Aliyeambiwa hayo alikuwa mshauri, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuyasaidia mashirika madogo kujiandaa kwa ukaguzi. Walikuwa wamekaa ofisini, wote wanne, magoti yakigusana.

"Mama, ithibati ni nini kwako?" mshauri aliuliza.

"Karatasi ya kutudhalilisha."

Mshauri alimgeukia shemeji. "Baba, wewe una leseni ya udereva?"

"Ninayo."

"Leseni ndiyo iliyokufundisha kuendesha?"

"Aa, nilijua kitambo."

"Sasa bila leseni, nani angekupa gari lake?"

Shemeji alikuna kichwa. "Hata mama yangu mzazi asingenipa."

"Basi na ithibati ni hivyo. Haisemi kwamba nyinyi ni watu wema. Inamwambia mtu asiyewajua kwamba kazi yenu imepimwa, na kwamba itakwenda hata siku ambayo mambo yameharibika."

Binti alileta mwongozo wa shirika. Aliuandika mwenyewe na alikuwa akijivunia. Mshauri alisoma kidogo, kisha akatazama dari ya mabati.

"Hapa pameandikwa hivi: ikitokea dharura, wafanyakazi washuke kwa ngazi ya nje ya ghorofa ya nne."

Wote wakatazama juu.

"Ghorofa ya nne iko wapi, mwanangu?" Mama Funguo aliuliza.

Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. Binti aliinamisha uso. "Niliunakili," alisema. "Ni wa shirika moja kubwa. Niliona wao wamepita ukaguzi."

"Wao wamepita kwa sababu ghorofa wanayo," mshauri alisema, naye akicheka kidogo. "Andikeni mnachofanya, kisha mfanye mlichoandika. Lakini kuna jambo zito zaidi. Wewe unanunua, wewe unapokea, na anayekuidhinishia ni mama yako. Kitu kikipotea, nani atajua?"

"Kwani sisi ni wezi?" Mama Funguo alikuja juu.

"Hapana, mama. Lakini mtu wa mbali atajuaje? Haya, jirani akiwa na malalamiko juu yako, atayapeleka wapi?"

"Atayaleta kwangu."

"Malalamiko juu yako wewe?"

Mama Funguo alimtazama binti yake, kisha shemeji yake.

"Na ufunguo je?" mshauri aliuliza polepole.

"Huo uache." Aliushika kwa juu ya nguo. "Mengine yote nitakusikiliza. Huo uache."

Binti alitazama mlango wa stoo, kisha akaangalia pembeni. Katika nyumba ile mlango huo ulikuwa na uzito kama mtu aliyenuna.

Jumamosi mshauri aliitisha zoezi. Fundi viatu wa mtaani, ambaye alikuwa akijitolea siku za mapumziko, alijilaza kwenye mkeka uani. Yeye ndiye mgonjwa, ana homa, anatapika. Wengine walipaswa kumpeleka hospitali kwa njia iliyo salama.

"Wewe, mama, leo umelazwa," mshauri alisema. "Kaa kwenye benchi lile. Hupo. Usiseme, usisaidie."

Mama Funguo aliguna, akaketi.

Mambo yalianza vizuri. Binti alipiga simu hospitalini, akaeleza. Shemeji aliliwasha gari, nalo kwa kubembelezwa likawaka. Kisha akaenda stoo kuchukua glavu. Akatikisa kufuli. Akarudi kwenye benchi.

"Shemeji, nipe ufunguo."

"Hayupo huyo," mshauri alisema. "Amelazwa, haruhusiwi kuonana na mtu."

"Sasa nifanyeje?"

"Fanya ambavyo ungefanya siku yenyewe."

"Nakufa huku," fundi viatu alilalama kutoka kwenye mkeka. Watu wakacheka.

Shemeji alizunguka ua, amechanganyikiwa. Mgonjwa yuko chini, gari linanguruma. Karibu na jiko palikuwa na mifuko ya plastiki. Akachukua miwili, akaingiza mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto, akaikaza kwa meno. Kisha akainama kumbeba fundi viatu.

Kicheko kilikatika. Marehemu kaka yake alifanya vile vile, kwenye ua ule ule, na migongo yao ilifanana kabisa.

"Acha!" Mama Funguo alipiga ukelele. "Acha, acha, acha!"

Alisimama, akaanguka magotini. Aliivuta ile kamba kwa nguvu hadi ikamchubua shingo. "Chukueni! Mimi nilidhani nawalinda." Alilia kwa sauti, kama siku ile ya mazishi. "Kumbe mwenyekiti ni mimi. Miaka yote hii, mwenyekiti ni mimi."

Binti alimkumbatia. "Nilikuwa natamani kukwambia, mama. Nikaogopa."

Shemeji alivua mifuko ya plastiki, akafungua stoo. Maboksi ya glavu yalikuwa yamepangwa vizuri, yamefunikwa shuka safi. Akafungua moja. Glavu zilikuwa zimegandana kwa joto na uzee. Alipozivuta zikachanika.

"Nilikuwa naziwekea akiba," Mama Funguo alisema, akajifuta machozi kwa kiganja.

"Vifaa hivi vina tarehe ya mwisho, mama," mshauri alisema kwa upole. "Vya zamani hutangulia kutoka, vipya hufuata. Na stoo ya dharura haingoji mtu mmoja. Usijilaumu peke yako. Hakuna aliyewahi kuwafanyisha zoezi."

Kazi ilianza upya, na haikuwa tamu. Zilichongwa funguo nyingine, zikashikwa kwa zamu na watu wa nyumba mbalimbali. Binti alibaki kununua, lakini kupokea na kuhesabu kukawa kazi ya mwalimu jirani, asiye ndugu yao. Mkunga mstaafu aliongoza kamati mpya, na malalamiko yakapelekwa kwake. Lalamiko la kwanza lilikuwa kwamba mkurugenzi ana maneno makali. Mama Funguo alinuna siku nzima, kisha akaenda kuomba radhi. Mwongozo uliandikwa tena, mfupi, usio na ghorofa. Ulieleza nani anashika nafasi ya nani akiugua, na zoezi likawa la kila mara.

Mkaguzi aliporudi hakuomba kuonyeshwa karatasi kwanza. Alimnyooshea kidole Mama Funguo. "Mama akiugua leo, nani anafungua?"

Watu watatu walimtaja mwenye zamu kwa pamoja. Mkaguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Ithibati ikatoka, na fedha za maandalizi zikafuata. Walipata glavu mpya, barakoa, gari lisilokohoa, na mafunzo kwa waliojitolea. Watu hawakushangilia sana. Homa ilikuwa imeshavuka mto.

Iliingia mtaani kwa nguvu. Ilimchukua mwalimu jirani, aliyeipata kwa ndugu zake kabla hawajajua kwamba ni homa hiyo. Kisha, siku moja mchana, Mama Funguo akashindwa kuinuka kitandani.

Akiwa katikati ya homa alisikia gari uani. Mkono wake ulikwenda shingoni wenyewe. Hapakuwa na kitu.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia shemeji, na nyuma yake fundi viatu. Barakoa zimefunika nyuso, mabega yamefunikwa, mikono yote iko ndani ya glavu.

"Nani amefungua?" aliuliza.

"Mwenye zamu, huyu hapa," shemeji alisema. "Nyamaza, shemeji, usijichoshe."

Aliitazama ile mikono ikimwinua. Machozi yalimtoka njia nzima, na hayakuwa ya homa. Mumewe hakuipata mikono kama hiyo.

Alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi, amebaki nusu ya mtu. Nyumba kadhaa za mtaa zilikuwa zimefiwa. Shemeji hakuugua hata siku moja. Fundi viatu pia hakuugua.

Asubuhi ya kwanza, kabla hajanawa uso, alijipapasa shingoni. Palikuwa na alama tu, pale kamba ilipomchubua. Nyuma ya nyumba mlango wa stoo ulilia, na mtu akaita, "Hodi huko! Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka," alijibu.

Akamkumbuka mumewe, akalia kidogo. Kisha akaenda kuteka maji.