Mabawa ya Senene Ndani ya Kompyuta

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, sisi wanafunzi watano wa klabu ya kompyuta tulikimbilia stoo ya shule yetu hapa Runazi. Humo ndimo ilimokaa kompyuta yetu moja tu. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kununa. Kibodi ilinata. Kipanya kilinuka mafuta ya maandazi. Lo! Nilikigusa kwa ncha ya kidole, kisha nikajifuta kwenye sketi.

"Benedicto, ni wewe," nilisema. "Mikono yako inatia kinyaa!"

"Nimenawa, Happy," alijibu, akinionyesha viganja. Sikutaka hata kuvitazama.

Tulikuwa na mchezo wa kuendesha basi, lakini barabara zake za Ulaya zilikuwa zimetuchosha. Hazikuwa na hata mbuzi mmoja! Mwalimu Xavery akatuletea kwenye flashi programu ya kuchora ramani, ili tuchore barabara yetu wenyewe, kutoka Runazi hadi Biharamulo mjini, kisha tuendeshe basi humo. Lakini kila tulipoiweka, ilifika nusu, kompyuta ikavuma, ikazima. Siku tatu mfululizo ilikuwa hivyo hivyo.

"Leo ndiyo mwisho," alisema Mwalimu. "Ikizima tena, kesho kompyuta hii inapelekwa shule nyingine yenye fundi."

Alichomoa waya, akafungua boksi la kompyuta kwa bisibisi. Harufu iliyotoka humo, mama yangu! Kama samaki aliyesahaulika juani. Mende wawili walichomoka, wakapita juu ya kiatu changu. Nilipiga kelele. Feni ya kuipoza kompyuta ilikuwa imezibwa na mabawa ya senene, wale panzi tunaowala, yamegandamana na vumbi, pamoja na vijiguu vyao vyenye miiba.

"Nani amenyonyolea senene humu?" aliuliza Mwalimu.

Wote walimgeukia Benedicto. Ni mimi niliyewazoesha kumgeukia. Aliinamisha kichwa, na machozi yalianza kumlenga.

Lakini mabawa yale niliyajua. Wiki iliyopita mama alinipa mfuko wa senene, akaniambia akitoka shambani awakute wameshanyonyolewa. Sikutaka kukosa zamu yangu ya mchezo, nikaja nao stoo, nikawanyonyolea hapo hapo kwenye meza ya kompyuta. Kisha, ili Mwalimu asione takataka, niliyasukuma mabawa kwa kidole kwenye matundu ya boksi. Sasa nilijiona mchafu kuliko wale mende.

"Ni mimi, Mwalimu," nilisema kwa sauti ndogo. "Benedicto hana kosa."

Hakunichapa. Alinipa brashi na kitambaa, nikatoa uchafu wote, bawa moja moja, huku nikibana pua. Tulipoiwasha, programu ilipita nusu, ikaendelea, ikaingia. Kwenye kioo pakatokea uwanja mtupu wa kijani. Nilimwomba Benedicto msamaha mbele ya wote, nikampisha kiti. Akachora kipande cha kwanza cha barabara yetu.

"Happy," alisema Mwalimu, "kuchukia uchafu ni vizuri, kunatukinga na magonjwa. Lakini wewe ulichukia wa mwenzako, wako ukauficha, na ukimya wako ulikaribia kutunyima sote kompyuta hii. Siku nyingine anza kwa kukagua mikono yako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, tusafishe pamoja."

"Ndiyo, Mwalimu," nilijibu, nikatoka kwenda kutafuta sabuni.