Mwangwi wa Kabati

Saa tano na nusu, Jumapili asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji.

Kipara alitandaza mchoro wa duka la sonara juu ya meza. "Fundi, rudia. Dereva kichwa chake kizito."

Fundi akaweka kidole kwenye mchoro. Alimchukia Kipara kupita kiasi.

"Sensa ya kunasa wezi iko ukuta wa mbele. Inapiga sauti ambayo sikio letu halisikii, halafu inasikiliza kinachorudi. Ikimsikia mtu, king'ora kinalia na mlango wa chuma unashuka. Sasa, kabati la dhahabu liko ukuta wa nyuma. Mwangwi wake ulikuwa unaichanganya, king'ora kinalia hovyo kila siku. Mwenye duka akaniita. Nikaiambia sensa isisikilize chochote kuanzia mita tatu mbele yake mpaka ukuta wa nyuma."

"Kwa hiyo nikiingia kwa nyuma nikaambaa na ukuta..."

"Kiziwi kabisa."

Kipara akacheka mpaka machozi. "Umelipua kazi, Fundi, umeifanya hovyo hovyo! Na mlango ukishuka?"

"Ufunguo ninao. Nafungua kwa nje."

Miaka mitano nyuma, ufunguo kama huo alikuwa nao Kipara, na aliyenaswa ndani ya duka jingine alikuwa kaka yake Fundi. Kaka aligonga, akaomba, akalia. Kipara akamjibu neno moja tu, "Utajijua," akarukia garini. Kaka akafia gerezani, ila kwanza alimsimulia mdogo wake kila kitu. Kipara wa watu hana habari. Kwake fundi ni fundi tu!

Saa sita kasoro dakika tano. Uchochoro wa nyuma ya duka ulikuwa mtupu. Dereva hakuzima injini.

Saa sita na dakika mbili. Fundi alifungua mlango wa nyuma. Kipara akajipenyeza, mgongo ukutani. Hatua moja. Mbili. Ya tatu, king'ora kikalia na chuma kikashuka, puu!

"Fundi! Si ulisema kiziwi?"

"Ilikuwa. Jana nimerudi nikaisahihisha. Nimeifundisha mwangwi wa kabati, inaupuuza huo tu. Vingine vyote inavisikia. Safari hii sikulipua."

"Fungua basi, mdogo wangu! Ufunguo unao!"

"Hata kaka yangu alikuomba hivyo hivyo."

Kwa ndani ngumi zikaanza kutwanga chuma.

Dereva akashusha kioo. "Mfungulie, bwana! Polisi hao!"

"Siku ile usukani si ulikuwa nao wewe?"

Dereva akapandisha kioo. Akakanyaga mafuta, akatokomea bila hata mmoja wao.

Saa sita na dakika sita. Fundi aliketi kizingitini, ufunguo kiganjani, mgongo kwenye chuma kilichokuwa kikitetemeka kwa ngumi. Alijua naye anakwenda jela. Na aende! Roho yake ilikuwa nyeupe kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Nakufa mimi! Nina watoto!" Kipara alikuwa akilia sasa, kilio cha kweli. "Nitafanyaje, ndugu yangu? Nitafanyaje?"

Gari la polisi lilikata kona. Fundi akaweka mdomo karibu na tundu la ufunguo ili asikike vizuri.

"Utajijua."