Kasuku na Jicho la Fundi

Kila alipotoka shuleni, Kasuku alipitia kwa jirani yao Fundi, mama mshonaji, akamsaidia kukata nyuzi na kukunja nguo. Fundi alikuwa mhamiaji, na lugha aliyoijua vizuri ni Kireno. Kasuku alikidaka Kireno hicho pale pale kando ya cherehani. Kiingereza alifundishwa darasani. Ndiyo maana mtaani wakambandika jina la Kasuku, nalo likamvimbisha kichwa.

Asubuhi moja Fundi aliamka macho mekundu kama pilipili. Kasuku akamsindikiza zahanati. Daktari wa zamu alikuwa mgeni aliyezungumza Kiingereza tu. Alimulika macho yote mawili, akakunja uso, kisha akatoa kichupa cha matone. Yatiwe kwenye “right eye,” alisema, bila kukosa.

Neno “right” Kasuku alilijua. Mwalimu wao huliandika kando ya jibu lililo sahihi. Akamgeukia Fundi kwa madaha.

“Olho certo, mama.”

“Jicho sahihi?” Fundi alishangaa. “Ndilo lipi hilo?”

Kasuku naye hakujua. Daktari alikuwa bado hapo, angeweza kumuuliza. Lakini watu kwenye foleni walikuwa wakimtazama, na muda mfupi kabla walikuwa wamemsifu kwa ujuzi wake.

“Si unalijua mwenyewe, mama,” akajibu.

Basi Fundi akawa anatia dawa jicho la kushoto, kwa kuwa ndilo lililomwasha zaidi.

Siku zilivyosonga, jicho la kulia likafanya utando mweupe. Cherehani ikanyamaza. Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, na chumba kikabaki kitupu. Mwishowe mama yake Kasuku akamshika Fundi mkono wakarudi zahanati. Kasuku akawafuata nyuma.

“Matone alitia wapi?” daktari aliuliza.

Kasuku akatafsiri, na Fundi akaonyesha jicho la kushoto. Daktari akashtuka, akamgusa chini ya jicho la kulia. “Hili! Right!”

Hapo ndipo Kasuku alipong'amua. Neno lile lile lilikuwa pia na maana ya upande wa kulia. Kwa Kireno angepaswa kusema “olho direito.”

Akaangua kilio mbele ya Fundi. “Sikuwa na hakika, mama. Niliona haya kuuliza.”

Daktari alitoa dawa kali zaidi. Safari hii Kasuku aliuliza kila neno, akamwomba aonyeshe kwa kidole. Maumivu yaliisha na jicho la kushoto likabaki zima, ila la kulia lilibaki na kovu. Kwa jicho hilo Fundi aliona kama mtu anayechungulia kwenye kioo chenye mvuke.

Kasuku akaanza kukwepa mlango wa Fundi, mpaka siku Fundi alipomwita mwenyewe.

“Mwanangu, kutojua neno si kosa. Mimi hapa maneno ya watu yananipiga chenga kila siku. Kosa ni kujifanya unajua, na hali atakayeumia ni mwingine. Siku nyingine sema tu, ‘Sijui, ngoja niulize.’ Hakuna atakayekucheka, na akicheka, mwache acheke.”

Kasuku aliinamisha kichwa. “Nisamehe, mama.”

“Nimeshakusamehe. Sasa kaa hapa, unitungie uzi kwenye sindano. Kwa jicho moja tundu lake silipati tena.”