Swali la Bwana Afya

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Limi alichota maji lamboni, walikonywea ng'ombe. Ndiyo maji ya kunywa ya kijiji chao kipya karibu na Kharumwa. Mwaka ule wa 1977 mdogo wake, Nkwabi, aliharisha mpaka akabaki mifupa mitupu.

Jumamosi moja akaja Bwana Afya kutoka Geita, jina lake Ignas. Serikali ingechimba kisima kimoja tu cha pampu, katika kijiji ambacho yeye angeona kina shida ya maji kuliko vingine. Alipita nyumba kwa nyumba akiulizia maji, akiongozana na Balozi Jilala, kiongozi wa nyumba kumi. Huyo Balozi alikuwa ametangaza kwamba asiyechemsha maji atalimishwa shamba la pamba la kijiji. Sasa hapo ungetegemea watu wajibu nini?

Walipofika kwao, Limi aliwaamkia wageni, akawapa vigoda. Bwana Ignas akauliza, "Mama, nyinyi mnachemsha maji ya kunywa, sivyo?"

Mama alimtazama Balozi, akapiga goti kwa heshima, akaitikia kwamba ndiyo. Kwao, kumkatalia mgeni ni aibu. Limi alikasirika.

"Hatuchemshi," alisema.

Balozi alimwamuru anyamaze. Limi hakunyamaza. Alisema kuni ziko mbali, na kisima kikienda kwingine Nkwabi atakufa. Kisha akamkabili mgeni.

"Bwana Afya, umemuuliza mama huku umeshamtajia jibu, na mtoa adhabu yuko hapa. Muulize akiwa peke yake, leo tumekunywa maji gani."

Bwana Ignas akamwomba Balozi amsubiri barabarani, akauliza upya, taratibu. Mama akafunua mtungi, akamchotea maji yenye rangi ya udongo.

"Kumbe nilikuwa nagawa majibu," Bwana Ignas alisema.

Alizirudia nyumba zote alizokuwa amepita asubuhi, safari hii peke yake, na kila alikoingia alionyeshwa maji yale yale.

Kisima kilichimbwa kijijini kwao kabla ya kiangazi. Siku ya kwanza ya kuchota, Balozi alikuwa bado ananung'unika mbele ya watu kwamba Limi hana adabu. Mama akatua ndoo yake.

"Mwanangu alimwamkia mgeni, akampa kigoda, akamwambia kweli," alisema. "Mimi nilipiga goti nikamdanganya. Mkosa adabu ni mimi, Balozi, na wewe uliyenitisha."