Mkono wa Omanga

Jioni hiyo nilitoka hospitalini kwenda kununua shali ya mtoto. Ilibidi niharakishe, kwa sababu kafyu ilianza saa moja na polisi wa Homa Bay hawakuwa na mzaha na mtu, awe daktari au mlevi. Nilichagua shali ya njano, nikaomba ifungwe kwenye mfuko mpya, kisha nikaunyunyizia mfuko huo sanitaiza mpaka mwenye duka akacheka. Aliniuliza kama mtoto wangu ameumbwa kwa sukari. Nilirudi nyuma hatua moja. Barakoa yake ilikuwa kidevuni.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nilizaliwa hivyo, na korona ikaja kunipa cheti. Nilishuku vitasa vya milango, nilishuku kwamba sanitaiza imetiwa maji, nilimshuku kila aliyesafisha koo karibu nami. Wahenga walisema wasiwasi ndio akili, na mimi nilikuwa na sababu. Mke wangu Mellen, mwenye duka la vitenge mjini Migori, alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza, Valentine, nami sikuwa nimemshika hata siku moja. Nilimjua kwa simu tu. Mimi ndiye niliyesoma picha zote za eksirei pale hospitalini, na kutwa kucha niliitwa kwa ajili ya vifua vilivyooza. Ningempelekeaje mtoto mchanga pumzi ile? Sasa mwenzangu wa kunipokea zamu alikuwa njiani. Nilitaka jambo moja tu: nifike Migori nikiwa safi, nimbebe mwanangu.

Ilikuwa Ijumaa, jua linazama. Kwetu Waadventista, Sabato ilikuwa inaingia. Kabla sijafika langoni simu ikalia. Alikuwa Levis, mpiga picha wa eksirei. Alisema kuna bibi ameletwa kutoka kisiwa cha Takawiri, anaitwa Marcella, hawezi kuketi, na kila picha inatoka imepinda. Akaniomba niende wodi ya korona nione mwenyewe.

Nikavaa yale mavazi meupe ya kujikinga, ya kutufunika kichwa hadi miguu. Ukishayavaa, kila mtu ni mtu yeyote. Ndiyo maana tuliandika majina yetu kwenye vipande vya plasta, tukavibandika kifuani. Wasaidizi wa wodi walibadilika kila mara, na wengi wao niliwajua kwa plasta, si kwa sura.

Nilipoingia, Levis alikuwa kwenye mashine. Bibi alikuwa amelala, anahema kwa shida. Na pale kichwani pa kitanda alisimama mtu wa tatu, amefunikwa gubigubi kama sisi. Plasta yake ilisomeka OMANGA.

Nilifurahi kupata mtu wa kushika. Zamani kazi hiyo ilifanywa na jamaa wa mgonjwa, lakini jamaa walikuwa wamepigwa marufuku.

"Omanga," nilisema, "mshike mabega. Usiachilie mpaka nikwambie."

Akamshika.

Hapo ndipo kelele zilipoanza nje. Kwang'... kwang'... kwang'... Kwanza mbali, upande wa ziwa, kisha mtaa kwa mtaa. Masufuria, mabati, vifuniko vya mapipa. Mji mzima ulikuwa ukigonga.

"Nyawawa," Levis akanong'ona.

Nilishasikia habari zao. Ni mapepo ambayo Wajaluo husema hutoka ziwani na kupita juu ya miji, na watu hugonga vyombo ili yasitue. Levis aliniambia kwa sauti ya chini kwamba saa kama hizo hatutaji jina la mtu ambaye hatumwoni uso. Mimi Mkisii nikacheka ndani ya barakoa. Nikamuuliza kama nyawawa wamepimwa korona.

Hakucheka.

Kisha nikasikia harufu. Nilikuwa na barakoa mbili, na sakafu ilikuwa imetoka kupigwa dawa, lakini nilisikia matope. Matope ya ufukweni, na majani yaliyooza majini. Nikashuku kwamba dirisha limeachwa wazi. Lilikuwa limefungwa.

Nikagundua kwamba Omanga hakuvaa aproni nzito ya kuzuia miale. Nikamwonyesha ilipotundikwa. Hakugeuza kichwa.

"Weya," bibi alinong'ona kwa Kijaluo. Niache. Macho yake hayakuwa kwangu. "Lwete ng'ich."

Mikono yake ni baridi.

Nilimwambia bibi avumilie kidogo, kwamba ni glavu tu. Picha ikapigwa. Papo hapo mashine ya oksijeni ya kitanda cha jirani ikaanza kulia, nasi tukakimbilia huko, tukahangaika na mpira uliochomoka. Tulipogeuka, bibi alikuwa ameteleza kutoka kwenye mto wake.

Hapakuwa na mtu kichwani pake.

Katika chumba changu cha kusomea eksirei nilifungua picha kwenye skrini, Levis akiwa nyuma yangu. Mapafu yalikuwa meupe kote, kama nilivyoogopa. Na katikati ya meupe hayo palikuwa na mkono.

Vidole vya mtu aliyemshika mgonjwa huonekana pembeni mwa picha mara nyingi, si ajabu. Lakini nilimwambia ashike mabega. Mkono huu ulikuwa katikati ya kifua, juu ya moyo, na vidole vimekunjwa. Kidole cha shahada kiliwahi kuvunjika kikaunga vibaya. Kilikuwa kimepinda kama ndoana.

Levis akaanza kueleza haraka haraka. Alisema sahani ya kupigia picha isipofutwa vizuri hubaki na kivuli cha picha iliyopigwa awali. Na yeye mwenyewe aliwahi kuupiga picha mkono wa Omanga, wiki kadhaa baada ya mtungi wa oksijeni kumwangukia. Bila shaka ni kivuli hicho. Nilishusha pumzi. Ni kweli sahani hufanya hivyo, nimeona mara nyingi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Sista Rael, msimamizi wa wodi, mama mmoja kutoka Rangwe asiyependa maneno mengi. Alikuja kutuambia kwamba bibi Marcella amefariki. Halafu akaiona skrini.

"Hicho kidole nilikifunga mimi," alisema. "Ni cha Omanga."

Nikamwambia ndiye aliyetusaidia kumshika bibi. Rael akavuta kiti, akaketi.

Omanga aliambukizwa humo humo wodini akafa, alisema, habari ambayo sisi wa eksirei hatukuwa tumeipata. Jumanne walimzika kwao Kisegi. Watu waliovaa meupe walimshusha jua likiwa bado juu, ndani ya mfuko uliofungwa. Hakulala nyumbani kwake hata usiku mmoja kama desturi inavyotaka, na mama yake hakuonyeshwa uso. Gauni lake la wodini lilirudi kufuliwa. Labda plasta haikubanduliwa, na labda Maroa, msaidizi mpya, ndiye aliyelivaa.

Tukamwita Maroa. Alikuja na kipande cha chuma mkononi. Muda wote ule alikuwa langoni, anagonga geti pamoja na askari. Alisema hata kwao Kuria hakuna mtu mwenye akili timamu anayeingia mahali penye wagonjwa kukiwa na kelele za namna ile.

Rael alingoja Maroa aondoke.

"Ulimwita jina?"

"Nilimwita."

"Ukamwambia nini?"

"Amshike. Asiachilie mpaka nimwambie."

"Ukamwambia aachilie?"

Nikautazama tena ule mkono kwenye skrini.

Mwenzangu alifika Jumapili. Mfuko wangu wa safari ulikuwa tayari, lakini kabla ya kuondoka nilitaka uhakika, kwa ajili ya Valentine. Nikamwomba Levis anipige picha ya kifua. Nilimsimamia afute sahani, kisha nikamwambia aifute tena. Nikasimama ukutani peke yangu, kidevu juu. Levis alikuwa nyuma ya kioo chake. Nikavuta pumzi, nikaizuia...

Matope.

Picha ilipotokea, mapafu yangu yalikuwa meusi, safi, kama ya kijana. Furaha ilinijaa hadi machozi. Kisha nikatazama begani. Pembeni mwa picha, juu ya mfupa wa bega la kushoto, palikuwa na ncha za vidole. Ncha tu, kama za mtu ambaye ndio kwanza ananyoosha mkono.

Kimoja kilikuwa kimepinda.

Levis alisema sahani imechoka. Hakunitazama. Baadaye niliwaza kwamba hakutaka niondoke, maana huyo mwenzangu ni mkali na hapendi mzaha, na picha zote hupita mikononi mwa Levis kabla hazijanifikia. Anaweza kubandika picha juu ya picha. Nilimshuku. Bado namshuku. Kila siku naomba Mungu iwe ni yeye.

Rael alinishauri nirudi wodini jioni, niliite lile jina na kutoa ruhusa. Nilienda. Nilisimama mlangoni, nikafungua mdomo. Nikawaza, je, akiitika? Na akiachilia alichoshika, mkono huo mtupu utaenda kwa nani? Niliogopa. Nikaondoka. Hapa jina nimeliandika mara nyingi. Kulitamka, hapana.

Mellen nilimwambia majibu ya kipimo yamechelewa. Halafu nikasema mwenzangu ameugua, halafu gari limeharibika. Korona imepita, barakoa zimetupwa, na mimi bado naishi chumba cha kupanga Homa Bay. Nimewahi kufika Rongo, nusu ya safari, nikawaza mkono ule juu ya kifua cha Valentine, nikageuza gari. Sijapigwa picha nyingine tangu siku ile. Sitaki kujua mkono umefika wapi.

Valentine sasa anaongea. Hunionyesha wanasesere wake kwenye simu, huniambia niwashike, nami hucheka naye kisha nalia nikiwa peke yangu.

Mellen anaamini nina mwanamke huku. Nimemwacha aamini, kwani mtu anayekushuku hakufuati na mtoto mgongoni. Lakini juzi alipiga simu akiwa mtulivu, na utulivu wake ulinitisha kuliko matusi.

"Niambie jina lake tu," alisema. "Sitagombana na wewe."

Nilimsikia mtoto akicheka karibu naye. Nikakata simu, maana jina moja tu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu.