Alinitazama, Akanigonga

Dobi alifua nguo kutwa. Mchana alifua mashuka ya hospitali. Jioni alifua nguo za nyumbani. Mtaa mzima ulimwita Dobi, hata mumewe, naye aliitika.

Mumewe alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu zikapendeza, na yake mwenyewe ilikuwa na chumba ambacho hakijapigwa lipu. Katika chumba hicho alilala mama yake. Mama huyu hakuwa mtu wa kukaa. Asubuhi yuko sokoni, mchana yuko kwa dada yake, jioni yuko kwa mgonjwa fulani. Majirani walimwita Kiguu na Njia. Yeye alicheka tu.

"Nikikaa nitaoza," alisema.

Dobi na mama mkwe wake hawakutukanana. Walinuniana tu. Lakini kununiana katika nyumba ndogo ni kazi nzito, kwa sababu kila ukigeuka unakutana na uliyemnunia.

Hospitali ilikuwa mbali. Dobi alisimama siku nzima mbele ya masinki, kisha akarudi kwa miguu. Miguu ilimvimba. Mwashi alimwonea huruma, akamletea baiskeli iliyotumika. Jioni alimpeleka kwenye kiwanja cha mpira. Alishika kiti kwa nyuma, akakimbia naye huku akihema. Baada ya jioni chache Dobi aliweza kwenda moja kwa moja bila kuanguka.

"Umeshajua," alisema Mwashi. "Kesho nenda nayo kazini."

"Breki sijazizoea."

"Utazizoea njiani."

Nasema wazi: mume alikosea kabla ya mke. Njiani si mahali pa kuzoea breki. Njia ya kwenda hospitali ilipita kati ya ukuta na mtaro. Wenye baiskeli na waenda kwa miguu waliitumia pamoja. Asubuhi ilijaa wanafunzi, wauza mboga, na wagonjwa walioshikwa mkono na ndugu zao. Mwashi aliijua njia hiyo vizuri. Lakini alitaka mkewe apumzike, na Dobi alitaka kumwamini mumewe.

Kesho yake asubuhi kulizuka ugomvi. Mama mkwe alikuwa amefua mashati ya mwanawe. Dobi aliyaona kwenye kamba, kola bado zina weusi. Akayaanua, akayafua upya.

"Kwani mikono yangu inanuka?" aliuliza mama mkwe.

"Hapana, mama. Ni kola tu hazikutakata."

"Nimemfulia mwanangu tangu yuko kwenye nepi. Shingo yake haikuoza."

Mama mkwe alichukua kikapu chake, akaelekea mlangoni. Dobi alikamua shati kwa nguvu, akasema kwa sauti ya chini, "Iko siku nitapumua katika nyumba hii."

Sauti haikuwa ya chini vya kutosha. Mama mkwe alisimama kidogo, kisha akatoka.

Dobi alimaliza mashati akiwa amechelewa. Aliutundika mfuko wake kwenye usukani, akapanda baiskeli. Mfuko uliuvuta usukani upande mmoja. Njiani watu walikuwa wengi. Dobi alipiga kengele mfululizo. Alidhani kengele ni amri, kwamba ikilia watu lazima watoke. Wengine walisogea. Wengine walimsindikiza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mara akakiona kitambaa cha kijani kichwani mwa mtu aliyekuwa mbele yake. Alikuwa mama mkwe.

Dobi alishtuka. Alipiga kengele akiwa nyuma yake kabisa. Mama mkwe aliruka upande wa mtaro, akaona atatumbukia, akarudi upande wa ukuta, akageuka. Wakatazamana. Nafasi ya kupita ilikuwepo, na ilitosha. Lakini Dobi hakuiona. Alimkodolea macho mama mkwe, na gurudumu likaenda palepale macho yalipokwenda.

Mfupa wa nyonga ulivunjika. Mama mkwe alilazwa katika hospitali ileile. Dobi ndiye aliyefua mashuka ya kitanda chake, akayafua mpaka yakatakata. Hakuna aliyemshukuru.

Mwashi alipokwenda kumwona mama yake, alimkuta amegeukia dirisha.

"Mama, pole. Ni ajali."

"Si ajali. Alinitazama, akanigonga."

"Mama, mke wangu hawezi..."

"Aliniona, mwanangu. Macho yake na yangu yalikutana. Na asubuhi alisema iko siku atapumua. Basi mwambie apumue sasa."

Mwashi alirudi nyumbani, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Ulimwona?" alimuuliza mkewe.

"Nilimwona."

"Sasa mbona hukumkwepa?"

"Sijui," alisema Dobi.

Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililomuumiza mumewe zaidi. Tangu siku hiyo Mwashi alimsemesha kwa maneno machache, kama mtu anayeongea na mpangaji. Dobi naye alianza kujishuku. Alipokuwa akisuuza mashuka alijiuliza: labda nilitaka?

Nyumba ya pili aliishi Tarishi, rafiki wa Mwashi. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua za ofisi kwa baiskeli. Jioni moja alikuja, akaikuta baiskeli ya Dobi imeegemezwa ukutani, gurudumu limepinda.

"Ichukue, kaka," alisema Dobi. "Sitaki kuiona."

Tarishi alichuchumaa, akalishika gurudumu. "Shemeji, ulipokaribia kumgonga, ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilimtazama yeye."

"Nilijua. Baiskeli hufuata macho. Anayejifunza hutazama kile anachokiogopa, halafu anakwenda hukohuko. Mimi nilijifunzia kwenye kiwanja chenye mti mmoja tu. Niliugonga."

Dobi alitaka kucheka, lakini kilichotoka ni kilio.

"Kwa hiyo sikutaka kumgonga?"

"Ulimwogopa tu. Au hukumwogopa?"

"Namwogopa tangu siku niliyoolewa," alisema Dobi.

Mwashi alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Tarishi akamgeukia.

"Na wewe, ndugu yangu, ulimfundisha mkeo kwenda. Kusimama hukumfundisha."

Mwashi alichuchumaa naye, akalitazama gurudumu. Kesho yake alilinyoosha gurudumu, na wote watatu wakarudi kiwanjani. Safari hii walianza na breki. Dobi alijifunza kuzishika zote mbili pamoja, taratibu, mpaka baiskeli ikasimama pale alipotaka. Kisha akajifunza kwenda polepole bila kuyumba, jambo ambalo ni gumu kuliko kwenda mbio.

"Tazama mbele, pale unapotaka kupita," alisema Tarishi. "Usimtazame mtu usiyetaka kumgonga."

"Na kengele?"

"Piga mara moja, ukiwa bado mbali. Kengele inasema nipo, haisemi ondoka. Kama hakusikia, tumia mdomo. Mwambie unapita upande gani. Mtu akishtuka, hata yeye hajui atarukia wapi. Umri ukiwa mkubwa ndiyo zaidi."

"Asiposogea?"

"Unangoja. Anayetembea hana breki wala chuma cha kumkinga, kwa hiyo mwenye baiskeli ndiye wa kungoja. Na watu wakijaa, shuka uisukume. Kushuka si aibu. Mfuko nao funga nyuma kwenye keria, usiutundike tena kwenye usukani."

Tarishi alikwenda pia hospitali kumweleza mama mkwe habari ya macho. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni rafiki wa mwanangu," alisema. "Ungesema nini kingine?"

Dobi alirudi njiani alipokuwa tayari, na si kabla. Hakumgusa mtu tena. Wauza mboga waliokuwa wakimtukana walianza kumsalimia. Wafanyakazi wenzake wa hospitali walimwomba awafundishe, na kila aliyekuja alianzishwa na breki. Mwashi naye alianza kuzungumza na mkewe kama zamani, au karibu na zamani.

Mama mkwe alirudi nyumbani na mkongojo. Sokoni hakwenda tena. Kwa dada yake hakwenda tena. Majirani waliacha kumwita Kiguu na Njia, kwa sababu jina hilo sasa lilikuwa kama kejeli. Dobi alimwandalia maji ya kuoga na chakula. Mama mkwe alivipokea kutoka mkononi mwa mwanawe tu.

Siku moja, bila kumwambia mtu, alijaribu kutembea hadi kwenye njia ya mtaro. Dobi alikuwa anarudi kutoka kazini. Alikiona kile kitambaa cha kijani. Safari hii mikono ilijua la kufanya. Alishika breki. Alipiga kengele mara moja akiwa mbali.

"Mama, ni mimi," aliita. "Niko nyuma yako. Nitapita upande wa mtaro."

Mama mkwe alisogea ukutani, akasimama. Dobi alingoja mpaka mkongojo ukatulia. Kisha akatazama nafasi, akapita polepole, akasimama mbele yake. Alitegemea neno moja, lolote lile.

"Kumbe unaweza kunipita," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama. Nimejifunza."

"Njia ni ileile. Basi siku ile hukutaka."

"Siku ile sikujua, mama. Nilipaswa kujifunza kwanza."

"Ulipaswa," alisema mama mkwe. "Nyonga ilikuwa yangu."

Akaanza kutembea kurudi nyumbani. Dobi alishuka, akaushika usukani kwa mikono miwili, akaisukuma baiskeli nyuma yake. Walikwenda kwa mwendo wa mkongojo mpaka mlangoni.